Tuombe, Lakini Twende Tukaone

Somo: Hesabu 13:17–27, Luka 14:28–30



Matokeo ya KCSE yakishatoka, simu zetu hazitulii. Ujumbe unaingia: hongera, mwanao amechaguliwa kujiunga na chuo chetu. Mtoto mwenyewe hajaomba nafasi popote. Ukifika steji, kila nguzo ya stima ina bango: kozi zote, gredi yoyote, lipa polepole. Na Jumapili, ibada ikiisha, wazazi wanapanga foleni mbele wakiwa na bahasha za kaki. "Pasta, tuombee hii barua."

Leo nataka kuanza na kosa langu mwenyewe. Nimemwomba ruhusa mama ninayemtaja hapa, naye amekubali mradi nisitoe jina lake.

Miaka mitatu iliyopita alinijia na bintiye baada ya ibada ya pili. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya kuitwa katika chuo kimoja cha binafsi, kozi ya stashahada ya mambo ya afya. Niliishika ile barua, nikaiinua juu, tukaomba kwa nguvu. Dakika tano hivi. Mama alilia, msichana alilia, mimi nikasema amina. Halafu nikaenda kunywa chai.

Mama aliuza ng'ombe wa maziwa. Chama chake kikamkopesha zilizobaki. Baada ya mwaka mmoja na nusu, wanafunzi wakagundua kwamba baraza linalotoa leseni za kazi ile halikuwa limekiidhinisha chuo kile kufundisha kozi ile. Maana yake, hata wakimaliza, hawangekubaliwa kufanya mtihani wa leseni. Msichana akarudi nyumbani na sanduku lake. Pesa hazikurudi.

Sasa sikilizeni, wapendwa. Mimi nimesomea biashara. Digrii yangu iko ukutani. Mtu akija kuniuzia pikipiki kuukuu, nitaomba kuona kitabu cha usajili, nitaita fundi asikilize injini, nitazunguka mara tatu nikigusa magurudumu. Lakini maisha ya mtoto yaliletwa mbele yangu ndani ya bahasha, na sikuuliza hata swali moja.

Nilipokwenda kwake kumwomba msamaha, hakunifokea. Alinikaribisha, akaniwekea chai ya rangi kwa sababu ng'ombe hakuweko tena. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Pasta, mimi nilidhani ukiomba, ushaangalia."

Ukiomba, ushaangalia. Ndiyo maana leo tuko Hesabu 13.

Mungu alikuwa tayari ameahidi Kanaani. Ahadi ilikuwa ya tangu siku za Ibrahimu. Hata hivyo, ukisoma mstari wa pili, ni Bwana mwenyewe anayemwambia Musa atume watu wakaipeleleze. Na Musa hakuwaambia tu waende wakazunguke. Aliwapa maswali. Watu wa huko wana nguvu au ni dhaifu? Ni wachache au wengi? Nchi ni njema au mbaya? Udongo una rutuba? Kuna miti au hakuna? Na mwisho akawaambia warudi na matunda ya nchi mkononi.

Mpendwa, kama nchi aliyoiahidi Mungu kwa kinywa chake ilipelelezwa siku arobaini, sembuse chuo ulichokiona kwenye bango la steji? Kuuliza si ukosefu wa imani. Amina? Nina mambo manne ya kukuachia.

Kwanza, uliza habari za nchi kabla ya kuuza ng'ombe.

Vyuo vikuu na kozi zake za digrii huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE. Vyuo vya ufundi na vya kati husajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2013. Zote mbili zina orodha kwenye tovuti zao, na mtoto wako anaweza kukufungulia kwa simu mkiwa mmekaa jikoni. Ila usiishie kwenye jina la chuo. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa, lakini kozi ile anayoitaka mwanao haimo. Tafuta kozi yenyewe. Na kama ni kazi yenye leseni, kama vile uuguzi, famasia, uhandisi au sheria, kuna baraza au bodi yake. Uuguzi una Baraza la Wauguzi, uhandisi una Bodi ya Wahandisi. Piga simu, uliza: chuo hiki mnakitambua kwa kozi hii? Swali hilo moja lingemwokolea mama yule ng'ombe wake.

Na karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, upate risiti. Mtu akikuambia utume kwa namba yake ya simu ili akushikie nafasi, shika pesa zako, achana na nafasi yake.

Pili, hesabu gharama yote.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anakaa chini kwanza, anapiga hesabu, asije akaweka msingi halafu majirani wakamcheka. Ona, anakaa chini. Wengi wetu tunapiga hesabu tukiwa tumesimama kwenye matatu.

Tuseme bango linasema karo ni shilingi 25,000 kwa muhula. Unasema, hiyo naiweza. Lakini mihula mitatu ni 75,000 kwa mwaka, na miaka mitatu ni 225,000. Mtoto hatalala kwenye bango. Chumba cha 4,000 kwa mwezi ni 48,000 kwa mwaka, miaka mitatu 144,000. Tumefika 369,000, na bado hajala. Bado ada ya mtihani, sare, vifaa, nauli na miezi ya atachimenti. Omba orodha ya karo yote kwa maandishi, ya kozi nzima, si ya muhula wa kwanza pekee.

Kuna HELB, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mwambie mtoto ukweli: ule ni mkopo, utalipwa. Kuna basari za eneo bunge na za kaunti. Hizo zina tarehe za mwisho, na tarehe haimngojei mtu aliye kwenye mkesha. Jaza fomu, kisha uje mkesha.

Tatu, nenda ukaone kwa macho.

Baba yangu aliishia darasa la saba. Nilipoitwa chuo kikuu, alivaa lile koti lake la kahawia la harusi, tukatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika, mimi nilitaka tuingie moja kwa moja kwa wakubwa. Yeye akaketi kwenye kibanda nje ya lango, akaagiza chai na chapati mbili, akaanza kumhoji mama wa kibanda. Hawa watoto wakiugua usiku hupelekwa wapi? Vyumba vya ndani huwatosha? Wanaokosa hulala mtaa gani? Mtaa gani una wizi? Wanafunzi wako wa zamani, huwa unawaona wakipita na kazi, au hupotelea wapi?

Nilimwonea haya. Niligeuka nikawa natazama barabara, kana kwamba yule mzee wa koti la kahawia si wangu. Lakini chai ilipoisha, baba alijua mambo ambayo hayako kwenye kijitabu chochote. Vyumba vya ndani viliniponyoka kweli, na nyumba niliyokaa miaka miwili, kwa amani, ni ile aliyotuelekeza mama wa chapati.

Kwa hiyo, mzazi, usiseme "mimi sijasoma, nitauliza nini?" Baba hakujua maana ya muhula, lakini alijua kuuliza habari za nchi. Nenda siku ya kazi, siku ambayo hawakutazamii. Siku ya wageni kila chuo kimefagiliwa. Ukifika, omba kuona karakana. Je, mashine zinanguruma au zimefunikwa na vumbi? Maabara ina vifaa, au ina kufuli? Waulize wanafunzi watatu, kila mmoja kivyake: mwalimu anaingia darasani? Matokeo ya mtihani hutoka? Atachimenti mlitafutiwa au mlijitafutia?

Na ulete matunda. Wale wapelelezi walikata kishada cha zabibu bonde la Eshkoli, kikabebwa na watu wawili kwenye mti. Tunda la chuo si lango lake wala basi lake. Ni wale waliomaliza. Uliza, niwapate wapi wawili watatu waliosoma kozi hii? Chuo kisichoweza kukuonyesha hata zabibu moja, kwa nini ukipe shamba lako?

Nne, mtoto naye aende, na moyo wake uende.

Musa hakwenda yeye mwenyewe kupeleleza. Walitumwa wale ambao wangeingia, mmoja kwa kila kabila, na majina yao yameandikwa. Kuna wazazi hapa tunaochagua kozi ili tupate la kusema kwenye chama. "Wangu anasomea sheria." Mtoto mwenyewe toka darasa la tano anafungua redio na kuzirudisha zikiimba. Mwache aulize maswali yake huko chuoni, hata yakikuonea haya.

Hapa sisi kama kanisa tutubu. Matokeo yakitoka, tunamwita mbele mwenye A, tunampigia makofi, tunampa kuku. Mwenye D anatokea mlango wa nyuma. Nani alituambia Mungu amemalizana naye? KUCCPS haiwapangii wa digrii tu. Mwenye C+ anaweza kuomba digrii, mwenye C- stashahada, mwenye D cheti, na aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana kozi za ufundi za kumpokea. Bila shaka kozi nyingi zina masharti zaidi, masomo fulani lazima uwe umepita. Lakini mlango upo.

Wale wapelelezi kumi hawakudanganya. Miji ilikuwa na kuta kweli, na majitu yalikuwako. Kalebu aliona kuta zilezile. Tofauti ni kwamba wale kumi walirudi wakajiita panzi, na watu wote wakalia usiku kucha. Mzazi, unapomwambia kijana wako "wewe na gredi hiyo utaenda wapi?", unamwandikia jina la panzi, na atatembea nalo. Umepeleleza, umeona karo ni jitu? Sawa, ni jitu. Sema ukweli wa hesabu, halafu useme kama Kalebu: tutapanda. Labda si mwaka huu, labda si chuo kile, lakini tutapanda.

Nimalize na yule msichana. Baada ya chai ile ya rangi, nilimwuliza mama kama ataniruhusu nitembee nao tena, mara hii kwa miguu. Tulianzia kwenye orodha za TVETA. Tukaenda taasisi mbili za serikali, siku ya Jumanne, bila kumwarifu mtu. Ya pili, msichana aliingia karakana ya umeme akakaa humo karibu saa nzima, akiuliza. Mama na mimi tulikaa nje kwenye nyasi tukimsubiri. Alipotoka, mikono ilikuwa na grisi. Akasema, "Mum, hapa." Sasa anasoma stashahada ya uhandisi wa umeme, na gredi yake ya C- ndiyo iliyomwingiza.

Mtu anaweza kusema, "Unaona, Bwana amerudisha miaka iliyoliwa na nzige." Naamini anaweza. Lakini mimi si mwepesi kumwambia mama yule hivyo, kwa sababu deni la chama bado analilipa, na sehemu ya deni hilo ni langu. Nimeanza kumsaidia kulilipa. Toba isiyofika mfukoni bado iko njiani.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili ijayo, kutakuwa na meza karibu na mlango wa kuingilia. Mimi na vijana wawili wenye simu tutakaa hapo baada ya kila ibada. Leta bahasha yako. Kabla hatujaweka mkono juu yake, tutauliza: Chuo na kozi vimeidhinishwa na nani? Gharama yote hadi mwisho ni ngapi? Nani kati yenu ameenda akaona? Kama bado, tutapanga siku mwende. Kama huna wa kwenda naye, mmoja wetu atakusindikiza. Halafu tutaomba, na tutaomba kwa nguvu, kwa sababu sasa tutajua tunachoombea.

Tuombe.

Baba, tusamehe pale tulipoita uvivu wetu imani. Tupe macho ya kupeleleza na moyo wa Kalebu. Wape wazazi hawa ujasiri wa kuuliza hata mbele ya wenye tai na afisi kubwa. Wakumbuke watoto waliopoteza miaka na pesa, na wale wanaojiona panzi usiku wa leo. Wapeleke mahali ambapo mikono yao itafurahi. Katika jina la Yesu, amina.