Umbo, Mahali na Amana ya Mchoraji

Iwapo umbo la kitu laweza kuwapo peke yake, bila kitu chenyewe na bila mahali kilipo, ni miongoni mwa maswali ya kale zaidi ya falsafa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa halina uhusiano na kazi za mikono. Hata hivyo, swali hilo hujitokeza kila fundi anapouchukua mchoro uliosanifiwa kwa kompyuta na kuuingiza katika maktaba ya maumbo ya programu nyingine, yaani hazina ya vielelezo vilivyo tayari, ambavyo mtumiaji huvichagua na kuvipachika katika kazi yoyote mpya. Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako usalama wa watu na haki zao juu ya ardhi hutegemea michoro, jibu lake lina uzito usiopaswa kupuuzwa.

Kuingiza mchoro katika maktaba ni, kwa sehemu kubwa, tendo la kuondoa. Mchoro wa asili huwa na matabaka, yaani makundi ya mistari yanayotenganisha, kwa mfano, kuta na nyaya za umeme. Huwa na kizio cha vipimo. Tena huwa na chanzo, yaani nukta ya sifuri ambako umbali wote huanzia kuhesabiwa. Mfumo wa faili uitwao DXF, ambao kampuni ya Autodesk iliutoa mwaka 1982 pamoja na programu ya AutoCAD ili michoro iweze kusomwa na programu nyingine, ulihifadhi namba za mistari bila kulazimisha kutajwa kama namba hizo ni milimita, inchi au mita. Kwa sababu hiyo, mchoro wa inchi ukisomwa kana kwamba ni wa milimita husinyaa mara 25.4, ilhali uwiano wa pande zake hubaki uleule na jicho halioni kasoro yoyote. Matabaka yakiunganishwa, chanzo kikihamishwa, na jina la mpimaji na tarehe ya upimaji vikiachwa nje, kinachobaki ni umbo tupu.

Plato angeridhika na hali hiyo, kwa kuwa alifundisha kwamba maumbo halisi yapo juu ya vitu na hayavitegemei. Aristotle alimpinga, akishikilia kwamba umbo hukaa ndani ya kitu pamoja na mata, yaani kile ambacho kitu kimefanyika kwacho. Ibn Sina (980–1037) alileta upambanuzi wenye manufaa zaidi: asili ya kitu, ikitazamwa yenyewe tu, si moja wala si nyingi, haimo akilini wala haimo nje ya akili, bali kuwapo kwake huku au kule ni jambo linaloongezwa juu yake. Alama ya pampu katika maktaba ni mfano mzuri wa asili ya namna hiyo, kwa sababu si pampu hii wala ile, nayo yaweza kuwa yoyote kati yake.

Upambanuzi huo unaonyesha uzito wake Bugarama, kata ya Halmashauri ya Msalala iliyo karibu na mgodi wa Bulyanhulu, unaochimbwa chini ya ardhi na ulioanza uzalishaji mwaka 2001, katika ukanda ambao wachimbaji wadogo nao huchimba maduara, yaani mashimo marefu ya wima ambayo kuta zake hushikiliwa kwa matimba, ambayo ni magogo yaliyopangwa ili udongo usiporomoke. Mchoro wa namna bora ya kupanga matimba unastahili kuingia maktabani na kunakiliwa bila kikomo, kwa kuwa ujuzi uliopatikana katika duara moja unaweza kuokoa maisha katika jingine. Mchoro wa mpaka wa leseni ni jambo la aina nyingine kabisa. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu haizidi hekta 10, na eneo hilo likiwa mraba, kila upande una takriban mita 316. Ramani nyingi za Tanzania zilijengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa rejea unaoeleza namba za ramani zinaangukia wapi juu ya ardhi, ilhali vipokezi vya setilaiti hutumia WGS84. Namba zilezile zikihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa, nukta husogea kwa karibu mita 300. Umbo hubaki kamili, pembe ni zilezile na hekta ni zilezile, lakini sasa limesimama karibu lote nje ya mpaka wake wa kweli, juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Yawezekana kudaiwa kwamba hilo ni kosa la kiufundi tu, litakaloondolewa na programu bora. Dai hilo lina ukweli, kwani faili za baadaye zinaweza kubeba taarifa za vizio na za mfumo wa rejea. Lakini programu huhifadhi taarifa iliyopewa, nayo haiwezi kuwajibika kwa taarifa iliyoachwa. Mchoro wa mpaka si umbo pekee, bali ni ushahidi, na ushahidi haukamiliki bila shahidi, mahali na wakati. Ndiyo maana Torati inakataza kuhamisha alama ya mpaka wa jirani, na Hadithi za Mtume Muhammad zinaonya vikali dhidi ya kujitwalia hata shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma. Makatazo hayo hayapungui nguvu kwa sababu alama imekuwa namba badala ya bikoni ya zege, kwa kuwa anayedhulumiwa ni yuleyule na ardhi inayopotea ni ileile.

Umbo linalofaa popote ni mali ya wote na lisinyimwe mtu yeyote. Mchoro unaoshuhudia mahali ni amana, na anayeuhamisha anawajibika kuuhamisha pamoja na kizio chake, mfumo wake wa rejea, tarehe yake na jina la aliyepima. Wapimaji, wahandisi na walimu wa vyuo vya ufundi wana wajibu wa kuwafundisha vijana upambanuzi huu kabla ya kuwafundisha vitufe vya programu, kwa sababu mchoraji asiyeujua anaweza kumdhulumu jirani yake bila kukosea hata mstari mmoja.