Kushindana na Saa: Je, Ni Majivuno?

Tarehe 31 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Silvesta, Papa, aliyefariki mwaka 335. Siku hiyohiyo, katika mji wa São Paulo nchini Brazili, watu maelfu kwa maelfu hukimbia barabarani kilomita 15, na mbio hizo huitwa kwa jina la mtakatifu huyo. Zilianzishwa mwaka 1925 na Cásper Líbero, mwenye gazeti. Paul Tergat wa Kenya alizishinda mara tano. Lakini, ndugu msomaji, leo hatusemi habari za mabingwa. Tunasema habari za karani, mwalimu, mama wa watoto, ajuaye tangu asubuhi kwamba jina lake halitatajwa, naye hukimbia ili apunguze dakika moja tu katika muda alioupata mwaka uliopita.

Wako wanaosema kwamba huko ni kujisifu tu. Neno hilo lisipite bila kupimwa.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa mbio, maana karibu na mji wao palifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Katika michezo ile hapakuwa na saa ya kupimia mbio. Mkimbiaji alijua jambo moja: nani yu mbele yake, nani yu nyuma. Asiyeweza kumpita mwenziwe hakuwa na kitu cha kutafuta. Saa imeleta jambo jipya. Sasa hata mtu wa elfu kumi aweza kufurahi kweli, wala furaha yake haimnyang'anyi mtu yeyote, kwa kuwa aliyemshinda ni yeye mwenyewe wa mwaka jana. Tena saa haibembelezi kama rafiki. Na ile dakika moja hainunuliwi: hupatikana kwa kuamka mapema na kwa kujinyima kinywaji miezi mingi. Mimi siwezi kuita jambo hilo majivuno. Lina undugu na fadhila ya kiasi.

Hatari ipo, lakini imejificha mahali pengine. Anayeshindana na jirani hana budi kumtazama jirani. Anayeshindana na saa aweza kupita kati ya umati kana kwamba yuko peke yake duniani. Karibu na mwisho wa mbio hizo kuna mwinuko mrefu, barabara iitwayo Brigadeiro Luís Antônio, nao wakimbiaji huupanda wakiwa wamechoka, tena Desemba ni majira ya joto kule. Tuseme hapo mtu anaanguka mbele yako. Ukisimama, dakika uliyoitafuta mwaka mzima imepotea. Kama waganga wamekwisha kufika, endelea. Watu wakimzonga mgonjwa humnyima hewa. Kama hawajafika, je? Utasema: muda wangu ni haki yangu, nimeutolea jasho. Ni kweli. Yule Msamaria wa Injili naye alikuwa na safari yake, tena safari halali. Fedha alizotoa zilikuwa zake, na punda wake, na siku yake. Hakuna aliyemwambia kwamba safari yake ilikuwa dhambi.

Liko na jambo la uzee, ambalo mazoezi hayaliondoi. Muda bora wa mtu huja siku moja, asijue kwamba ndio wa mwisho. Tangu hapo, kama thamani ya kukimbia ni ile tarakimu peke yake, kila mwaka utakuwa mwaka wa kushindwa. Hata hivyo wazee hujiandikisha. Hawajaacha kutazama saa. Huitazama, huandika walichopata, ijapokuwa ni kirefu kuliko cha mwaka jana, kisha huketi kando ya barabara kuwangoja wenzao ambao bado wanapanda mwinuko.