Kipimo cha Tezi Dume na Haki ya Mtu wa Mbali

Safari hii twataka kunena habari ambayo wanaume huinena kwa kunong'ona, nayo ni saratani ya tezi dume. Tezi hii ni ndogo, hukaa chini ya kibofu cha mkojo, na umri uendeleapo huweza kukua au kushikwa na saratani. Katika Tanzania hakuna saratani nyingine iwapatayo wanaume wengi kuliko hii. Hatuandiki ili kuwafundisha waganga kazi yao. Neno tutakalo kulichungua ni hili: je, ni haki mtu mmoja apimwe mapema, na mwenzake asipimwe hata maumivu yamfikie mifupani?

Mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa kahawa, alivumilia shida ya mkojo miaka miwili akidhani ni uzee tu. Alipoletwa hospitalini, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Mwaka ule ule mwanamume wa rika lake, aliyekuwa na kazi ya ofisi mjini, alipimwa damu kwa kuwa bima yake ililipa. Akaonekana mapema, akatibiwa. Hatusemi kwamba huyu wa pili alimdhulumu wa kwanza. Lakini tofauti yao ilitoka wapi? Haikutoka katika bidii wala uvivu, maana mzee wetu hakuwa mvivu hata siku moja.

Upesi watu hujibu, Basi na wapimwe wote. Jibu hili lapendeza masikioni, walakini lina matata. Kipimo cha damu, kiitwacho PSA, hakionyeshi saratani yenyewe. Huonyesha kitu kitokacho katika tezi, nacho huongezeka pia kwa uvimbe usio na hatari au kwa maambukizo. Kati ya wanaume wanne ambao kipimo chao kimezidi, yapata watatu hawana saratani. Tena ziko saratani za tezi dume ziendazo polepole sana, hata mtu huzeeka nazo na kufa kwa sababu nyingine. Akitibiwa bila haja, huenda akabaki hawezi kuzuia mkojo, au hawezi kukutana na mkewe. Katika uchunguzi mkubwa wa nchi 8 za Ulaya, uliofuatwa miaka 23 na kutangazwa mwaka 2025, ilionekana kwamba kwa kila wanaume 456 walioitwa kupimwa, kifo kimoja cha saratani hii kilizuiwa. Ni faida ya kweli, lakini si ya bure.

Hapa yatupasa kuuliza, hesabu hizo zilitoka katika miili ya nani? Za Ulaya zilitoka kwa Wazungu karibu wote. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wanaume zaidi ya 76,000, watu weusi walikuwa yapata 4 tu katika kila 100. Nao weusi wa Marekani hufa kwa saratani hii yapata mara mbili kuliko weupe. Mwaka 2012 baraza la nchi ile litoalo shauri juu ya vipimo liliwaambia wanaume wote wasipimwe hivyo; mwaka 2018 likageuka, likasema mwenye miaka 55 hata 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari wake. Shauri la kwanza lilikuwa moja kwa wote, na kwa hiyo liliitwa sawa. Sisi hatuoni kuwa ni sawa, maana hatari ya watu wale haikuwa moja.

Wako wenzetu wenye hekima wasemao, Msipeleke kipimo vijijini kabla hakijakuwapo cha kufuata. Wana neno. Bei ya kupima damu si kitu, ukiilinganisha na kukata kinyama cha tezi na kukichungua, na tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi tiba hiyo katika nchi yetu ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, hata baadaye Bugando, Mwanza, wakaanza. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba saratani hii hulegea mwili ukinyimwa homoni ya kiume, zimekuwapo njia mbili za kuinyima: kisu, kuondoa korodani, au siku hizi sindano za mara kwa mara. Zote mbili husaidia. Lakini mwenye fedha huulizwa apenda ipi, na maskini mara nyingi huonyeshwa kisu tu.

Hata hivyo hoja ya wenzetu hatuikubali yote. Yule wa mjini hakuambiwa angoje mpaka hospitali zote ziwe tayari. Alielezwa faida na hasara, akachagua. Kwa nini huyu wa shambani tumhurumie kwa kumficha? Hakwenda shule nyingi, lakini amenunua na kuuza, ameoza binti zake, amekata mashauri ya ukoo. Kumweleza kwa lugha yake, faraghani, na mtu asiyemwonea haya, si kazi kubwa ipitayo uwezo wa zahanati. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba akichagua, njia ipo. Na hiyo ni deni la serikali na la sisi tulio na bima, wala si lake.

Tulipomtembelea mzee wetu tulimweleza hoja hizi zote, za waliokubali na za waliokataa. Alisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, wanangu. Sasa nauli ya Dar es Salaam ni shilingi ngapi?"