Mkaazi Asiyekaa: Je, Ahadi Hutimizwa kwa Kuhesabu Siku?

Ni nyumba chache leo katika miji yetu ya pwani zisizokuwa na jamaa Marekani. Kijana huenda kusoma au kutafuta riziki, akajaaliwa kupata uraia wa huko, kisha akataka mamake au babake amfuate. Sheria ya nchi ile yampa raia aliyetimia miaka 21 haki ya kuwaombea wazazi wake ukaazi wa kudumu, na mzee akikubaliwa hupewa ile kadi ambayo watu wote waijua kwa jina la kadi ya kijani. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo twaulizwa mara kwa mara. Mzee huyu hapendi kukaa kule. Baridi yamuumiza, hana jirani wa kumwamkia asubuhi, na msikiti u mbali. Basi hurudi Mombasa, Malindi au Lamu akakaa nyumbani kwake, na kila mwaka, kabla ya kutimia mwezi wa kumi na mbili, hupanda ndege akaenda kukaa majuma mawili kwa mwanawe ili kadi isife. Je, afanyalo huyu ni haki, au ni udanganyifu uliovishwa kanzu?

Yafaa kwanza tujue sheria yenyewe yasemaje, kwani wengi wameishika nusu. Wamesikia kwamba mwenye kadi akikaa nje mwaka mmoja au zaidi, bila ya hati ya ruhusa ya kurejea, kadi ile haimwingizi tena. Hilo ni kweli. Lakini kutokana na hilo wakadhani kwamba asiyefikisha mwaka yu salama, na hilo si kweli hata kidogo. Kadi kwa desturi huandikwa miaka 10, nayo hiyo ni miaka ya kadi, si ya ukaazi. Ukaazi waweza kufa na kadi ingali mpya mfukoni. Sheria yauliza: je, ulitoka kwa safari ya muda, au ulirudi kwenu? Na ili kulijua hilo hutazamwa sababu iliyokutoa, kama safari ilikuwa na mwisho unaojulikana, mahali ilipo nyumba yako na kazi yako na watu wako, na kama ulitoa hesabu ya kodi kama watoavyo wakaazi.

Mwaka 1975 baraza la rufaa la mambo ya uhamiaji la Marekani lilikata shauri la mwanamke mmoja wa Jamaica. Bibi huyo alikuwa na nyumba ya kulaza wageni kwao, akiiendesha miezi kumi na mmoja ya mwaka, na mwezi uliobaki akienda Marekani ili kuihifadhi kadi yake. Baraza liliona kwamba ameuacha ukaazi wake. Hakukosea hesabu ya siku. Siku zake zote zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni ukaazi wenyewe.

Jambo hili lisiwe geni kwetu. Mtoto wa chuoni ajua kwamba msafiri, katika madhehebu ya Shafi'i, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi safari yake imekatika wala hapunguzi sala tena. Nia ndiyo iliyomgeuza kutoka msafiri kuwa mkaazi, hali ya kuwa mji ni ule ule na mtu ni yule yule. Nasi twajua vilevile kwamba nia mahali pake ni moyoni, na mtu hawezi kunuia kwa ulimi jambo ambalo moyo wake umekwisha kulikataa. Sasa tumtazame mzee wetu. Mkoba wake uko kule, na kitanda chake kiko huku. Je, yeye ni mkaazi wa wapi? Hapana haja ya kwenda kwa wakili ili kulijibu swali hili.

Huenda mtu akasema: “Kusafiri na kurudi si uongo.” Tumekubali. Kupanda ndege si uongo. Lakini uongo wamngoja mezani pa afisa, atakapoulizwa: “Waishi wapi?” Na kwa kuwa mzee hakuzoea kusema lisilokuwa, mwanawe humfundisha maneno tangu nyumbani: sema hivi, usiseme hivi, wakikuuliza juu ya nyumba ya Mombasa nyamaza. Hebu tulifikiri jambo hili. Mama aliyemlea mwanawe kwa kumpiga marufuku uongo, sasa akiwa mtu mzima wa miaka sabini, amekuwa mwanafunzi wa mwanawe katika uongo, na wajukuu wamekaa kitako wakisikiliza darsa. Ni kadi gani hiyo yenye thamani ya kulipiwa bei hii?

Wako wasemao: “Dola hizi kubwa ziliingia katika nchi za watu bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Iweje sisi tubanwe na ahadi zao?” Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, wala hatuipuuzi. Lakini ahadi tunayoizungumza si yao peke yao. Wewe mwenyewe uliomba, ukajaza karatasi kwa mkono wako, ukaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Dhulma ya mwenzako haikufungulii mlango wa kuivunja ahadi yako. Sote twakijua kisa cha Hudaybiya, katika mwaka wa sita wa Hijra, pale Abu Jandal alipofika na minyororo miguuni kutaka hifadhi, naye Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa kuwa masharti yalikwisha kukubaliwa na Makureshi. Ikiwa ahadi ilitimizwa kwa watu wale, na kwa uchungu ule, sisi twapata wapi ruhusa ya kuivunja kwa ajili ya kadi?

Wengine husema: “Hakuna anayedhurika.” Hili nalo si kweli. Yuko mzee akaaye kule kwelikweli, aliyekuja Mombasa kumzika nduguye, akashikwa na maradhi akachelewa kurejea. Yeye ndiye atakayeulizwa maswali ya ukali na asiaminiwe, kwa sababu wengi waliomtangulia katika mstari ule walisema maneno hayo hayo nao ni waongo. Na hali ni hiyo katika ndoa za kununua makaratasi, ambazo sheria ile yaziadhibu kwa kifungo kisichozidi miaka mitano, na mwenye kuthibitikiwa nazo hufungiwa mlango wa kuombewa ukaazi hata akija kuoa ndoa ya kweli. Lakini kabla ya adhabu hiyo, kuna wanandoa wa kweli ambao huhojiwa mambo ya chumbani mwao kwa ajili ya makosa ya wengine. Muongo haibi kwa serikali tu. Huiba imani ambayo mkweli ataihitaji kesho.

Hata hivyo ahadi ina pande mbili, na haki yatutaka tuuseme upande wa pili. Tumemtaja bibi wa Jamaica aliyekuwa na kadi bila ya ukaazi. Wako Wajamaica wengine, huko Uingereza, waliokuwa na ukaazi bila ya kadi. Hao na wenzao wa visiwa vya jirani walianza kuja kwa wingi tangu ilipotia nanga meli ya Empire Windrush mwaka 1948, wengi wao wakiitwa kwa kuwa nchi ile ilihitaji wafanya kazi. Sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, iliilinda haki ya waliokwisha kukaa, lakini wengi hawakupewa hati yoyote, na mwaka 2010 vipande vya karatasi vilivyosajili kufika kwao vikaharibiwa na serikali yenyewe. Mwaka 2018 ikadhihiri kwa ulimwengu kwamba watu waliokaa miaka hamsini wamefukuzwa kazini, wamenyimwa matibabu, na wengine wametiwa kizuizini au kurudishwa kwenye visiwa wasivyovijua tena. Serikali iliomba radhi. Basi mtu aweza kuidanganya serikali kwa karatasi, na serikali nayo yaweza kumdhulumu mtu kwa karatasi. Pande zote mbili kosa ni moja: kuifanya karatasi kuwa ndiyo kweli, na maisha ya mtu kuwa si kitu.

Je, mzee wetu afanyeje? Milango ya haki ipo. Akiwa ana safari ndefu lakini anuia kurudi, na aombe hati ya kurejea kabla hajaondoka Marekani. Yaweza kumhifadhi hadi miaka miwili. Akizuiwa na ugonjwa au jambo lisilokuwa katika uwezo wake, iko viza ya mkaazi anayerejea, huombwa katika ubalozi. Akiwa amekaa kule kwelikweli miaka mitano, na awe amekuwapo nchini kwa mwili wake angalau nusu ya muda huo, aweza kuomba uraia, kisha akae popote apendapo. Na katiba yetu ya mwaka 2010 haimvui mzaliwa wa Kenya uraia wake kwa sababu hiyo. Na ikiwa moyo wake umekwisha kurudi nyumbani, basi na airejeshe kadi kwa hiari yake. Iko fomu ya kufanya hivyo. Kisha, apendapo kuwaona wajukuu, aombe viza ya matembezi kama mgeni, kwani hakika ndivyo alivyo.

Na enyi vijana mlio ng'ambo, neno letu kwenu ni hili. Kabla hamjajaza karatasi ya kumwita mzazi, muulizeni yeye mwenyewe wapi ataka kuzeeka, na mlisikilize jibu lake hata likiwaumiza. Wengi mmemwombea mama kadi kwa mapenzi, wala hamkumuuliza. Kisha yeye, kwa kuchelea kuwavunja moyo, hupanda ndege kila mwaka na kusema asiyoyaamini. Mtoeni katika mtihani huo. Kumtii mzazi hakuwi kwa kumfundisha uongo, hata akiwa ni mwenye kukaa karibu nanyi kwa sababu yake.