Riyadh Ni Karibu, Mutomo Ni Mbali

Siku binamu yangu anaenda Riyadh kufanya kazi ya nyumba, jamaa wa wakala alituambia tuache kulia. Kutoka JKIA ni kama kilomita 3,100 tu, na ndege ikienda moja kwa moja haimalizi saa tano. Hata saa hazibadiliki: ikiwa saa mbili usiku Mutomo, Riyadh pia ni saa mbili. Ati ni kama ameenda Mombasa.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini mwaka jana Susu, nyanya yetu, alipofariki, binamu hakuja kumzika. Ndege zilikuwepo. Mwajiri ndiye alikataa, na mkataba ulikuwa umebakisha miezi kumi na moja. Machi 2021 Saudia ililegeza mfumo wa kafala, wafanyakazi wengi wakaweza kusafiri bila idhini ya mwajiri, lakini wa nyumbani waliachwa nje. Saa tano zake zikawa miezi kumi na moja.

Sisi wa Ukambani tungepaswa kuelewa hili haraka. Mama yangu ni wa Kibwezi, upande wa Makueni. Nikiwa mdogo, kutoka Mutomo kwenda kwao ilikuwa siku nzima ya vumbi, na mvua ikinyesha hamwendi. Leo kuna lami, mnafika mapema. Kibwezi haijasogea hata hatua moja. Kuna watu waliamua barabara itengenezwe, basi. Mara nyingi umbali ni uamuzi wa mtu, na mara nyingi mtu huyo si yule anayesafiri.

Pale matangani, watu walimsema binamu. Pesa imemsahaulisha kwao, walisema. Mimi nilisifiwa kwa kufika, nikanyamaza.

Sikuwa nimemwona Susu kwa miezi minane. Karibu kila wiki napita Machakos Country Bus, ile steji ya Nairobi tunayoiita Machakos Airport kwa utani. Kutoka hapo hadi Mutomo ni kama saa tano, sawa tu na ile ndege. Hakuna aliyenishikia pasipoti. Nilikuwa nangoja nipate pesa ya maana, nisiende mikono mitupu. Binamu naye alimpigia Susu kila Ijumaa saa mbili usiku, hakukosa.

Kwa hivyo nani alikuwa mbali? Nadhani deni la kufika linapimwa kwa uhuru wa kuondoka, si kwa kilomita. Mwenye mlango wazi anadaiwa zaidi ya aliyefungiwa, hata kama wote wako saa tano kutoka nyumbani. Tunamlaumu aliye ng'ambo kwa sababu umbali wake uko kwenye ramani. Wangu hakuna aliyeuona, na mimi niliwaacha waendelee kumlaumu yeye.

Krismasi tutakutana tena kwa kina shangazi. Wakianza kumsema, nitaanza na ile miezi yangu minane.