Inua Mkeka Uone

Andiko la msingi: Mambo ya Walawi 14:33-57. Soma pia Ezekieli 13:10-16 na Kumbukumbu la Torati 22:8.

Wapendwa, mvua ya masika imekwisha, jua limerudi, na wengi wetu tunafikiri maji yamekwenda zake. Yale yaliyopita juu ya mabati yamekwenda, kweli. Lakini yale yaliyoingia chini ya sakafu bado yako. Yamenyamaza tu.

Kuna sura katika Biblia ambayo tukiifikia kwenye usomaji wa mwaka, wengi tunairuka. Ni Walawi 14. Wana wa Israeli bado wako jangwani, wanalala kwenye mahema, hawana hata ukuta mmoja wa kuegemea. Na Mungu tayari anawaambia Musa na Haruni watakavyofanya siku ukuta wa nyumba utakapotoa madoa ya kijani au mekundu, yaliyozama ndani ya ukuta. Biblia inaliita jambo hilo pigo la ukoma katika nyumba. Wengi wakisoma maelezo yale leo wanaona kitu kinachofanana sana na kuvu, ile tunayoita pia ukungu.

Mungu aliyeziumba mbingu anashughulika na ukuta wenye unyevu! Tena anaamuru vyombo vitolewe nje kabla kuhani hajaingia kukagua, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Sufuria yako inamhusu. Kitanda cha mtoto wako kinamhusu. Haleluya.

Jambo la kwanza: mwenye nyumba ndiye anayesema. Mstari wa 35 uko wazi. Kuhani hatembei nyumba kwa nyumba akinusa. Mwenye nyumba ndiye anayeondoka, anaenda, anasema naona kama kuna pigo nyumbani kwangu. Na angalia hili vizuri: kuhani hamuulizi ametenda dhambi gani. Soma sura yote, hilo swali halimo. Kuhani anaenda kuangalia ukuta.

Nasema hivi kwa sababu ya mambo tunayokutana nayo tukiwatembelea washirika. Niliitwa niombee nyumba fulani. Mtoto wa miaka minne anakohoa kila usiku, na mama amechoka. Akaniambia, "Mchungaji, hii nyumba ina kitu. Tukilala kwa dada yangu mtoto analala vizuri, tukirudi hapa kinaanza tena. Kemea." Tukaomba, na naamini Mungu alisikia. Lakini tulipopiga magoti nilisikia harufu, ile ya nguo zilizokaa kwenye beseni siku tatu. Chini kulikuwa na mkeka wa mbao, mzuri, unang'aa. Nikamwambia baba, "Ndugu, hebu inua hapo kwenye kona." Akasita. Halafu akainua. Simiti ilikuwa nyeusi, na upande wa chini wa mkeka ulikuwa umeota manyoya kama mkate uliosahaulika.

Baba alikuwa anajua. Aliiona tangu mvua za Aprili, akabandika mkeka tena kwa gundi, kwa sababu aliogopa mwenye nyumba angesema ni wao walioharibu, walipe. Mama alikuwa hajui. Wapendwa, mama anakemea na baba anabandika, chini ya paa moja!

Sisemi hakuna vita vya kiroho. Mnanijua, usiku wa kesha niko hapa pamoja nanyi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, ukieleza kwamba wanaoishi humo wanapata zaidi kikohozi, kukorota kwa kifua na pumu. Mtoto anayetambaa na kulala karibu na sakafu anavuta hewa hiyo zaidi. Kwa hiyo tunaomba, tunampeleka mtoto hospitali, na tunainua mkeka. Hayo matatu hayagombani.

Jambo la pili: tafuta maji yanakotoka. Kuvu haiishi bila unyevu. Ukiisugua kwa dawa ya klorini na maji bado yanakuja, umeiosha uso tu. Itarudi.

Sisi tunaoishi Embakasi, Syokimau, Kitengela na Athi River tunaujua ule udongo mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Unashika maji muda mrefu. Ndiyo maana fundi mwaminifu akimaliza kushindilia mawe na murram hutandika polithini nzito kabla ya kumwaga zege. Akiiruka, au ikitoboka na hakuna anayejali, zege inavuta maji kutoka ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Halafu wewe unakuja na mkeka wa plastiki, unayafungia maji hapo katikati. Umeijengea kuvu nyumba.

Pima hivi. Chukua plastiki isiyo na rangi, nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa selotepu pande zote nne kwenye sakafu iliyo wazi, uiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, maji yanapanda kutoka ardhini. Kisha pima bomba. Usiku, kila mtu akishalala, funga mifereji yote, uandike namba za mita. Asubuhi kabla mtu hajanawa uso, soma tena. Zikiwa zimesonga na hakuna aliyetumia maji, kuna bomba linalovuja. Katika ile nyumba niliyowaambia, namba zilisonga. Bomba la bafuni lilikuwa limepasuka chini ya sakafu.

Sasa rudi kwa Walawi uone utaratibu wa Mungu. Nyumba inafungwa siku saba, kisha inaangaliwa tena. Mawe yenye pigo yanang'olewa, yanatupwa nje ya mji. Ukuta unakwanguliwa pande zote. Yanaletwa mawe mengine na udongo mwingine. Na baada ya hapo kuhani anarudi kuangalia mara nyingine. Kwetu ni vivyo hivyo: zuia maji kwanza. Toa mkeka, toa kapeti, na kilichooza usikirudishe kwa sababu kilinunuliwa bei ghali. Fungua madirisha, vaa glavu na barakoa, watoto wakae mbali, na usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine ya kusafishia, mvuke wake ni hatari. Mpe fundi wa bomba nafasi ya kuvunja panapohitaji kuvunjwa. Kisha iache sakafu ikauke kabisa. Simiti iliyonyonya maji haikauki kwa siku mbili, inaweza kuchukua wiki nyingi. Ukiharakisha kufunika, umerudi pale pale.

Jambo la tatu, na hapa nisikilizeni kwa upendo. Katika kanisa hili kuna wapangaji, na kuna wenye ploti. Ezekieli 13 inazungumza juu ya watu wanaojenga ukuta dhaifu na wengine wanaupaka chokaa uonekane mzima. Mungu anasema mvua itakuja, na ukuta utaanguka pamoja na chokaa yake. Mpendwa mwenye nyumba za kukodisha, mpangaji akihama kwa sababu ya kuvu, nawe ukapiga rangi Jumamosi ili Jumatatu uingize familia nyingine yenye mtoto mchanga, hiyo ndiyo chokaa ya Ezekieli. Zaka ya kodi ile haitaifuta. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asianguke akafa. Mungu anamhesabia mwenye jengo damu ya mtu aliyeanguka. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa. Rekebisha, ndugu yangu. Rekebisha kabla hujaulizwa.

Nawe mpangaji, sema. Usiogope kama yule baba. Piga picha, mwandikie mwenye nyumba kwa heshima, weka nakala. Asiposikia, afisa wa afya ya umma yuko katika kaunti yako. Na kama umeona bomba linavuja ukanyamaza, nawe una sehemu yako.

Sasa tuje ndani zaidi. Sakafu si ya simiti peke yake. Vijana wanacheka nikisema mkeka, kwa sababu wanajua mkeka mwingine, ule wa kubeti. Hata huo uinuliwe! Kuna deni mke hajui. Kuna simu inayolala kifudifudi. Kuna ndugu wawili wanaoimba kwaya moja na hawajasalimiana tangu mazishi ya baba yao. Juu panang'aa. Wageni wakija wanasema nyumba hii imebarikiwa. Lakini watoto wanaokaa chini, wale wadogo, ndio wanaovuta ile hewa. Wao hawakuvunja bomba, lakini kikohozi ni chao.

Mungu anataka nini kwako wiki hii? Anataka ule mstari wa 35. Nenda ukaseme. Mume amwambie mke, mke amwambie mume, mshirika amwone mzee wa kanisa. Sema kuna kitu nyumbani kwangu. Ndiyo, kuna kuvunja. Sebule itajaa vumbi, na majirani watauliza kuna nini. Lakini sura ile haiishii kwenye vumbi. Pigo likipona, kuhani anachukua ndege wawili, na mmoja wao anaachiliwa aruke nje ya mji, shambani, na nyumba inatangazwa kuwa safi. Nyumba ile ile iliyokuwa na pigo. Watu wanarudisha vyombo ndani, wanapika, wanalala.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tupe ujasiri wa kuinua tulichofunika. Wakumbuke watoto wanaokohoa usiku huu. Waguse wenye nyumba watende haki, na wapangaji waseme bila hofu. Wape mafundi wetu uaminifu hata pale ambapo hakuna jicho litakaloona kazi yao. Na pale tulipopaka chokaa, tupe mawe mapya. Amina.