Sauti ni ya Yakobo



Kijana mmoja wa ushirika wetu aliniletea swali, na amenikubalia niliandike bila kumtaja jina. Ana digrii, na amekanyaga lami miaka mitatu akitafuta kazi. Usiku hukaa kwenye kompyuta akiandika insha za wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza. Mwanafunzi wa kule analipa, karatasi inaandikwa hapa, inawasilishwa kule kwa jina la aliyelipa. Hata akaunti anayofanyia kazi ameikodi, ina jina na picha ya mzungu. Pesa hiyo imemsomesha dada yake mpaka Kidato cha Nne, na fungu la kumi hajakosa kutoa hata mwezi mmoja. “Pasta,” akaniuliza, “hii ni dhambi ama ni kazi?”

Nilitaka kumjibu haraka. Sisi watu wa kanisa tuna midomo mikali wizi wa mtihani wa KCSE ukitajwa. (Ingawa mwaka 2016, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku siku za maombi shuleni katika muhula wa tatu kwa kuhofia wageni wanaoingiza mitihani, wengi wetu tulinung'unika. Mwaka huo waliopata A nchi nzima walikuwa 141 tu. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,000.)

Lakini kijana alikuwa amejipanga. “Mimi simwibii mtu. Nasoma, natafiti, naandika kwa jasho langu. Anayedanganya mwalimu ni yule.” Kule England, sheria ya mwaka 2022 inafanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi kuwa kosa la jinai, lakini yeye yuko hapa na hajaona askari akibisha mlango wake. Halafu akasema neno lililoniuma: “Yule hawezi kuandika ukurasa mmoja, na ndiye atapewa digrii na kazi. Mimi niliyeiandika, viza nimenyimwa.” Hapo nilinyamaza. Ni kweli kuna uonevu, na sitajifanya siuoni.

Tukafungua Mwanzo 27. Yakobo hakuiba kitu mfukoni mwa mtu. Alivaa nguo za ndugu yake, akafunga ngozi za mbuzi mikononi, akaingia kwa baba asiyeona na kujitambulisha kwa jina lisilo lake. Isaka aliitambua sauti, lakini mikono ikamdanganya. Tena Rebeka alikuwa ameshamtuliza mwanawe kwamba laana ikija itakuwa juu yake yeye mama. Ndivyo wateja nao wanavyosema: wewe andika tu, lawama ni yangu. Na bado ni Yakobo aliyekimbia nyumbani, na ni Yakobo aliyeamka asubuhi kwa Labani akamkuta Lea.

Nikamuuliza kazi ya mwisho aliandika kuhusu nini. Akasema, somo la uuguzi, jinsi ya kukadiria dozi ya dawa kwa mtoto. Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Mwalimu na mwanafunzi tulikuwa tumewataja sana, lakini huyo mtoto hakuna aliyekuwa amemtaja. Siku moja atalala kitandani mbele ya muuguzi ambaye hakuandika ile karatasi.

Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu aache. Akauliza, “Na dada yangu?” Hilo swali si la maombi peke yake. Sadaka yake tumeipokea miaka miwili, tukasema amina, na hakuna mzee aliyemuuliza inatoka wapi. Mimi pia sikumuuliza. Bahasha ya mwezi huu iko kwenye droo yangu, bado haijafunguliwa, na wazee watakaa Jumatano kuizungumzia.

Wakati huohuo, yeyote mwenye ofisi, shule au biashara inayohitaji mtu wa kutafiti na kuandika ripoti kwa jina lake mwenyewe, anione baada ya ibada ya pili.